Bastola za fataki za Kusini (Marekani, 1861–65): nakala ninazokusanya, ninavyozipiga, na uongo unaouzwa pamoja nazo

Mbondei_Macon (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kwenye ule uzi wa magobore kuna mtu aliuliza kama duniani bado wapo watu wanaopiga bastola za kushindilia baruti kwa mbele na kuwashwa kwa fataki, kile kikopo kidogo cha shaba kinacholipuka kikigongwa na nyundo. Wapo, na mimi ni mmojawao. Niko Georgia, Marekani, riziki yangu ni kukereza vyuma, na mapenzi yangu ni nakala za bastola zilizotengenezwa na majimbo ya Kusini yaliyojitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nasema nakala. Za asili sizigusi: moja ni bei ya gari, na nyingi zinazonadiwa kama za asili zimeghushiwa.

Najua swali la kwanza. Mwafrika anatafuta nini kwenye silaha za watu waliopigania utumwa? Nitajibu, ila niacheni nianze na shaba.

Vita vilipolipuka Aprili 1861, Kusini kulikuwa na pamba tele na viwanda vya kuhesabu. Kiwanda cha Colt kilikuwa Hartford, Connecticut, upande wa Kaskazini, na bastola yake ya 1851, kaliba .36 (upana wa mtutu kwa inchi), ilitengenezwa zaidi ya 200,000 kabla ya kuachwa. Kusini walipotaka yao ikabidi waige. Aliyeiga kwa wingi kuliko wote ni Samuel Griswold, ambaye kwa kuzaliwa ni mtu wa Connecticut hukohuko. Alihamia Georgia akatajirika kwa kutengeneza mashine za kuchambulia pamba, akawa na kijiji chake, Griswoldville, kando ya reli, kama kilomita 16 kutoka mjini Macon. Mwanzoni mwa 1862 Gavana Joseph Brown alitaka mikuki 10,000 kwa ajili ya jeshi la jimbo. Mikuki, wakuu, kwenye vita vya reli na telegrafu! Griswold akatengeneza sehemu ya mikuki hiyo, kisha mwaka huohuo akaungana na Arvin Gunnison aliyetokea New Orleans, karakana ikageuzwa ya bastola.

Chuma kizuri cha fremu, yaani kiunzi kinachobeba mtutu na silinda, hakikuwepo, kwa hiyo fremu wakaimimina kwa shaba. Mtutu wakaukereza duara badala ya pembe nane za Colt, kazi ikapungua. Silinda, ile ngoma inayozunguka yenye chemba za baruti na goroli, ndiyo inayonisisimua kama fundi. Fito za chuma cha kawaida zilipashwa moto zikasokotwa kabla ya kutobolewa chemba, ili nyufa zilizojificha ndani ya chuma zisilale sambamba na chemba na kuipasua. Kwenye silinda za asili mistari ile ya mshazari bado inaonekana kwa macho. Hiyo ni akili ya mtu aliyejua chuma chake ni kibaya na bado akatafuta njia.

Sasa jibu. Kumbukumbu za kiwanda kile zinataja wafanyakazi 24, na 22 kati yao walikuwa watumwa. Walitoa bastola kama 5 kwa siku, jumla zikafika 3,600 na ushee kufikia Novemba 1864. Kwa hiyo bastola maarufu kuliko zote za Kusini ni kazi ya mikono ya Waafrika wasiolipwa, na majina yao hayapo popote kwenye chuma kile. Wakusanyaji wenzangu wanaweza kubishana jioni nzima kuhusu umbo la skrubu moja. Ukiuliza nani aliikata hiyo skrubu, watu wanatazama saa. Mimi nakusanya kwa ajili ya swali hilo. Bendera yao sina na siitaki nyumbani kwangu.

Ulizeni, nitaendelea.

Kisiki_Mpanda

Mkuu umenikumbusha mbali. Babu alikuwa na gobore lenye kibali, fataki alikuwa anaziweka kwenye kikopo cha dawa ya kikohozi, na sisi watoto ole wako ukiguse. Mvua ikinyesha alikuwa anafunika mtambo kwa kipande cha ngozi. Hizo bastola zako nazo zinakataa mvua?

Wanjala254

Hapo kwa bendera umejitetea vizuri, mkubwa, lakini sijashawishika. Ukienda range na hiyo kitu, wale wazee wenye ndevu wanakuona vipi? Na pesa yako si inaenda kwa watu wale wale?

Jirani_wa_Kirumba

Ngoja nikae mbele kabisa. Weka picha mkuu.

Mbondei_Macon

Kisiki_Mpanda, ni ukoo mmoja na gobore la babu: baruti nyeusi, goroli la risasi laini, fataki juu ya kifa, ile chuchu yenye tundu nyuma ya chemba. Tofauti ni kwamba hapa kuna chemba 6 zinazozunguka. Mvua haizisumbui sana kama fataki zimebana vizuri na mdomo wa kila chemba umezibwa kwa grisi. Unyevunyevu wa baada ya kupiga ndio adui, nitafika.

Wanjala254, pesa haiendi kwa mtu wa Kusini hata mmoja, inaenda Italia. Karibu nakala zote zinatoka mkoa wa Brescia, kwenye bonde la Val Trompia na vitongoji vyake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mfanyabiashara wa New Jersey, Val Forgett, aliwafuata mafundi wa kule, Aldo Uberti akiwemo, akijua kumbukumbu ya miaka 100 ya vita inakuja na watu watataka bastola za kupiga bila kuharibu za makumbusho. Miongoni mwa za mwanzo kabisa ilikuwa Colt ya 1851 na dada yake wa fremu ya shaba, nakala ya Griswold. Leo wazalishaji wakubwa ni Uberti na Pietta.

Kuhusu wazee wenye ndevu: wapo wa kila namna. Kuna chama kilichoanzishwa mwaka 1950 cha mashindano ya silaha za vita vile, uwanja wake mkuu uko Virginia karibu na Winchester, na timu zinavaa sare za pande zote mbili. Wengine tunaongea chuma tu, tunaelewana. Wengine wakianza hotuba zao za "haki za majimbo", kwamba vita havikuwa vya utumwa, mimi nawatajia wale 22, mazungumzo yanarudi kwenye chuma haraka sana.

Jirani, picha siweki. Maelezo yanatosha.

Mzee_Forodhani

Vijana, vita hivyo vilifika mpaka Unguja. Merikani ile waliyovaa wazee wetu ilikuwa ikija na majahazi makubwa ya Salem, Massachusetts, na ndiyo ilikuwa fedha ya misafara ya bara. Vita vilipokata pamba, merikani ikaadimika na bei ikapanda, na vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi vikaingia sokoni. Biashara ya Wamarekani hapa haikurudi kama ilivyokuwa. Endelea mwanangu.

Mbondei_Macon

Shikamoo mzee. Pamba ileile iliyomtajirisha Griswold, basi.

Sasa namna ya kupiga, maana hapa ndipo shaba inapojieleza yenyewe.

Kabla ya baruti navika fataki kwenye vifa vyote 6, chemba zikiwa tupu, naelekeza mtutu kwenye jani la nyasi chini na kufyatua. Jani likitikisika, njia ya moto iko wazi na mafuta ya kabati yameungua. Lisipotikisika, kifa kimeziba. Kisha baruti, kwa kipimo, kamwe si kwa kumimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Kwenye fremu ya shaba ya .36 sizidi greni 15, kama gramu moja. Kiasi hicho ni kidogo, goroli lingelala ndani mno, kwa hiyo nafasi inayobaki naijaza unga wa mahindi. Msicheke. Kisha goroli la inchi 0.375, kubwa kidogo kuliko chemba, na mkono wa kushindilia unalisukuma ndani. Likiingia sawasawa linaacha pete nyembamba ya risasi iliyonyolewa mdomoni mwa chemba, nyepesi unaipuliza. Pete isipotoka, goroli ni dogo, litoe. Juu yake grisi. Fataki ni za mwisho, na zinavikwa ukiwa umesimama kwenye mstari, mtutu umeelekea shabaha.

Ukivuta nyundo, kishimo kidogo kwenye kichwa chake ndicho kioneo cha nyuma. Hakuna kingine. Inapiga juu: kwenye mita 25 nalenga chini ya kiini kwa kiganja kizima au zaidi. Teke lake ni dogo, ni kama inakusukuma tu. Moshi ndio mwingi, siku isiyo na upepo unasubiri kuona umepata nini.

Sasa shaba. Baruti inapolipuka, goroli linaenda mbele na silinda inarudi nyuma kugonga ukuta wa fremu. Kwenye chuma, hakuna shida. Kwenye shaba, kila mpigo unaacha alama yake. Chukua nakala ya fremu ya shaba iliyopigwa kwa vipimo vizito, toa kabari inayofunga mtutu, vua mtutu na silinda, utazame ule ukuta wa nyuma: utaona duara lililochorwa, na ndani yake alama za vifa na meno ya kuzungushia. Silinda imejipigia muhuri. Nafasi kati ya silinda na mtutu imeongezeka, mwanga unapita. Kisha mhimili wa katikati, ambao umefungwa kwa uzi kwenye hiyohiyo shaba, unaanza kucheza. Hapo bastola imekwisha, na fundi mwaminifu atakwambia usitupe pesa.

Ila kwa greni 15 inadumu. Ninazo zilizopigwa sana na ukuta bado laini.

Kisiki_Mpanda

Unga wa mahindi kwenye bastola! Wamarekani wanashiba mpaka silaha zao zinakula dona.

Tukuyu_Kijani

Swali la kitaalamu. Nimesikia bastola za namna hii zinaweza kulipuka chemba zote kwa mkupuo. Ni kweli au ni hadithi za vijiweni? Na kwa nini wasiache shaba kabisa kwenye nakala, chuma si kipo siku hizi?

Mbondei_Macon

Ni kweli, Tukuyu_Kijani. Moto wa chemba moja unawasha ya jirani, pengine na ya tatu. Zile za pembeni hazina mtutu mbele yake, kwa hiyo goroli linatoka linapopatia, na ile ya chini inagonga mkono wa kushindilia. Wapigaji wanabishana moto unapita wapi. Kundi moja linasema mbele, kwenye goroli dogo au lililochongoka likaacha mwanya. Jingine linasema nyuma, fataki isiyobana imedondoka kwa mtetemo, kifa kiko wazi. Mimi nazuia kote: goroli linalonyolewa, grisi au kiduara cha sufu chenye mafuta, na fataki za saizi ya vifa vyangu. Zikiwa kubwa sizibani kwa vidole, natafuta saizi nyingine. Na mikono yote miwili inakaa nyuma ya silinda. Wale wanaoishika bastola hii kwa mkono wa pili chini ya mtutu kama kwenye filamu, mimi nasogea mbali nao.

Kero ya kila siku ni nyingine. Fataki iliyopasuka inaangusha kipande cha shaba kwenye mwanya wa nyundo na bastola inakwama. Dawa yake ni kuinua mtutu juu na kuulaza kidogo pembeni wakati wa kuvuta nyundo, kipande kinaanguka chini.

Kwa nini shaba bado ipo? Kwanza ni rahisi, nakala za shaba ni za bei ya chini kuliko zote. Pili inang'aa, wanunuzi wapya wanaipenda. Na hapa ndipo uongo unaingia.

Ukitembelea duka la vifaa vya kuwinda huku utaona kwenye sanduku: "Navy ya 1851 ya Kusini, fremu ya shaba, kaliba .44", mtutu wa pembe nane. Bastola hiyo haikuwahi kuwepo. Navy ya 1851, ndiyo ile Colt niliyoitaja, ni .36, Griswold ni .36 na mtutu wake ni duara. Mchanganyiko ule umebuniwa kiwandani kwa sababu wateja wanapenda kaliba kubwa. Ubaya wake si historia peke yake, wamechukua fremu dhaifu kuliko zote wakaipa kaliba yenye teke kubwa zaidi. Kisha mtu anaijaza greni 30, mwaka hauishi bastola inalegea, analaumu Waitaliano.

Hata rangi si yenyewe. Shaba ya asili ilikuwa na wekundu, shaba nyekundu nyingi na zinki kidogo. Nakala ni ya njano kama bomba la sinki.

Mwali_wa_Leicester

Kaka Mbondei, asante. Mimi niko Uingereza, nimejiunga na klabu ya baruti nyeusi mwaka huu, cheti changu kimetoka. Huku bastola za kawaida zilipigwa marufuku 1997 lakini hizi za kushindiliwa kwa mbele ziliachwa, kwa cheti. Nimeona LeMat inauzwa, ni nakala. Roho inanidunda. Ni ya kupiga au ya kutundika?

Mbondei_Macon

Dada, LeMat ni kituko kitamu. Jean Alexandre LeMat alikuwa daktari Mfaransa wa New Orleans, hataza yake ni ya 1856. Silinda ina chemba 9 za .42, na mhimili ambao silinda inauzunguka ni mtutu wa pili, laini ndani, mpana, wa kupigia risasi ndogondogo kwa mkupuo. Pua ya nyundo ina kiungo: ikiwa juu inagonga fataki za silinda, ukiishusha inagonga ya mtutu mkubwa. Vita vilipoanza alienda kuzitengeneza Paris, baadaye nyingine Birmingham, zikapenyezwa kwenye vizuizi vya bahari vya Kaskazini. Jumla hazikuzidi 3,000 kwa kiasi kikubwa. Majenerali Beauregard na J.E.B. Stuart walikuwa nazo.

Nakala ya sasa ya Pietta ni .44 na fremu ni chuma, kwa hiyo teke halitaiumiza. Lakini ni nzito, na kuijaza yote ni kazi ya kunywea chai. Nunua ukiwa tayari unayo ya kawaida ya kujifunzia. Na angalia cheti chako kama kinaruhusu huo mtutu wa laini, waulize klabu kwanza.

Nyingine kwa haraka, maana mtaziona madukani. Spiller & Burr wa Richmond, kisha Atlanta, waliiga bastola ya Whitney, fremu ya shaba lakini yenye daraja juu ya silinda, kwa hiyo ni imara kidogo kuliko Griswold. Mkataba ulikuwa wa bastola 15,000, zikatoka kama 1,500, na serikali ikakinunua kiwanda mwaka 1864 ikakihamishia Macon. Leech & Rigdon walikuwa wanahama mji hadi mji mbele ya jeshi la Kaskazini, lakini fremu zao ni za chuma. Ndiyo nakala ninayowashauri wanaotaka kupiga sana na wabaki kwenye historia. Ndugu wa Dance wa Texas waliikata ngao ya nyuma ya silinda ili kuokoa kazi, ubavu wa fremu uko bapa. Haina urembo wowote, na mimi naipenda kuliko zote.

Wanjala254

Na Griswold mwenyewe aliishia wapi? Usituache njiani.

Mbondei_Macon

Tarehe 20 Novemba 1864 askari wapanda farasi wa Jenerali Kilpatrick wa Kaskazini, kwenye ule mwendo wa Jenerali Sherman kutoka Atlanta kwenda baharini, waliingia Griswoldville wakachoma kiwanda. Siku mbili baadaye wanamgambo wa Georgia, wengi wao wazee na vijana wadogo, wakakutana palepale na brigedi moja ya Kaskazini iliyojichimbia, baadhi wakiwa na bunduki za Spencer za risasi nyingi. Wakawashambulia kwenye uwanja wazi, mara kadhaa. Kusini walipoteza zaidi ya 500 kwa vifo na majeruhi, Kaskazini chini ya 100. Griswold akafa 1867, kijiji hakikujengwa tena. Uwanja wa mapigano ni hifadhi ya kihistoria ya jimbo sasa, nimeukanyaga, na kuna mabango. Nilitafuta bango linalotaja mafundi watumwa wa karakana sikuridhika na nilichokiona.

Jirani_wa_Kirumba

Mkuu hapa kwetu naweza kuagiza moja? Nasikia huko kwenu inakuja kwa posta kama kiatu.

Mbondei_Macon

Usijaribu, ndugu yangu. Huku sheria ya shirikisho ya 1968 inazihesabu nakala hizi kama za kale, kwa hiyo kwenye majimbo mengi zinauzwa bila fomu, ingawa yapo majimbo yasiyokubali. Ulegevu huo ni wa hapa tu. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na ofisa wa forodha akifungua sanduku ataona bastola, hataona nakala. Anza kwa polisi, kwa Msajili wa Silaha, na majibu yake yawe kwa maandishi. Wanjala254, kwenu ni Bodi ya Leseni za Silaha, hadithi ni ileile.

Mwali_wa_Leicester

Kaka, LeMat nimeiacha, nimepata Leech & Rigdon iliyotumika, muuzaji anasema ni ya miaka ya themanini. Nikaitazame nini kabla ya kulipa?

Mbondei_Macon

Uchaguzi mzuri sana huo. Umri usimwamini muuzaji, soma chuma. Kila nakala ya Italia ina mihuri ya ofisi ya upimaji wa silaha ya Gardone, kulekule Val Trompia, na kwenye kisanduku kidogo kuna herufi mbili za mwaka: AA ni 1975, zinaendelea kwa alfabeti. Kabla ya hapo walitumia namba za Kirumi. Muhuri wa PN maana yake imepimwa kwa baruti nyeusi pekee. Isiingizwe baruti ya kisasa isiyo na moshi hata chembe, itapasuka. Mahali pa mihuri pakiwa pamekwanguliwa, ondoka: kuna mtu alikuwa anaizeesha aiuze kama ya asili.

Kisha vuta nyundo polepole usikilize kama silinda inafunga kabla nyundo haijafika mwisho. Kwenye kila chemba jaribu kuitikisa silinda kwa vidole. Mwombe muuzaji atoe kabari mbele yako. Ikitoka kwa kusukuma kwa kidole gumba, imelika, lakini kabari ni rahisi kubadili. Ikihitaji nyundo ya kilo, kuna aliyeipigilia kuficha ulegevu. Baada ya kuvua mtutu, shika mhimili uutikise. Ukicheza hata kidogo, rudisha pesa mfukoni. Mwisho angaza tochi ndani ya chemba na uchungulie vifa: kutu ya vishimo kwenye chemba inamaanisha mwenyewe alikuwa anapiga Jumamosi na kuosha Jumatano. Mabaki ya baruti hii yanavuta maji hewani, lazima yaoshwe siku ileile kwa maji ya moto na sabuni, yakaushwe, yapakwe mafuta.

Vifa vikiwa vimepanuka, usihangaike navyo, nunua seti mpya ya 6 na ufunguo wake. Na umwombe akuachie kipimo chake cha baruti kama anacho, huku vizuri ni ghali.